Mstari wa Unga wa Muhogo

Marahaba, wajukuu. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeona nitangulie kuitikia, maana vijana wa siku hizi mnaweza kumpita mtu mzima mlangoni kwake, macho yameinama kwenye simu, na mimi sipendi kudai salamu. Ni mimi Zainabu, Mama Hadija wa Mkunya, yule bibi mnayemwona akienda sokoni Newala na raketi ya zamani begani kama wenzake wanavyobeba jembe. Wengine mnadhani nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Raketi hiyo niliifanyia kazi miaka zaidi ya thelathini, nikitunza uwanja wa tenisi na kufundisha watu kucheza, na sasa nikiwa mstaafu inanifaa kufukuzia mbwa.

Mwezi uliopita mliniita shuleni kwenu niwaeleze kazi yangu. Mkanipa kiti na soda, mkanisikiliza vizuri. Mwishoni binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama niliwahi kudanganya uwanjani. Nikajibu, "Hata siku moja," mkapiga makofi. Nilirudi nyumbani na makofi yenu. Ndiyo maana naandika.

Lakini ngojeni kwanza niwaambie kazi yenyewe, maana mtu hawezi kuelewa kosa la fundi kama hajui ufundi.

Uwanja wetu ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Si kila kichuguu kinafaa. Chenye mchwa hai usikiguse, utawahamishia wenyewe kwenye nguzo za wavu. Tafuta kilichohamwa, ukivunje kiangazi, utwange udongo wake, uuchekeche kwa chekeche lile lile la unga, kisha umwage unene wa vidole vinne na kuushindilia. Ukishindiliwa vizuri, mpira unadunda juu yake bila hila. Ukishindiliwa kivivu, mpira unalala, na mchezaji anakulaumu wewe badala ya mkono wake.

Udongo huo unataka maji, na Newala mnaijua. Mnaopata maji ya bomba kwa zamu mnalalamika, na mna haki, lakini zamani mama zetu walishuka bondeni alfajiri na kurudi jua limeshapanda, ndoo moja kichwani. Nani angekubali maji hayo yamwagwe chini ili watu wenye ndevu wakimbizane na mpira? Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga ndoo mbili za maji safi mchana kweupe. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo yake kichwani akasimama akanitazama. Akaenda zake. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba yuko binti wa Mkunya anayeogesha udongo.

Tangu hapo nikawa naomba maji ya kufulia. Nilipita nyumba kwa nyumba na debe langu, nikipiga hodi na kuamkia, na mtu akimaliza kufua ananimiminia. Siku za kuelekea Idi na Krismasi, watu wakifua mashuka na mapazia, uwanja ulishiba kabisa na ukanukia sabuni. Wageni kutoka Mtwara waliuliza ni dawa gani tunayotia. Nikawaambia ni siri ya kazi.

Kiasi kilichobaki nilipewa na umande. Asubuhi huku juu ukungu unalala mpaka watu wanatoka kusali, na udongo unakuwa laini wenyewe. Hapo ndipo unapovuta rola yako, ambayo kwetu ilikuwa pipa lililojazwa zege. Ukichelewa jua likatoka, umekosa, utasubiri kesho. Vijana wengi niliowafundisha walikuwa hodari wa kupiga mpira, lakini kuamka kabla ya jua kuliwashinda.

Haya yote alinifundisha Mzee Anselmi. Nataka mlijue jina hilo, maana hamtalikuta limeandikwa popote.

Mzee Anselmi alizaliwa kabla ya vita ya Mjerumani na Mwingereza. Ujana wake aliupitisha upande wa Masasi, misheni, akijifunza udresa, kazi ya kufunga vidonda hospitali, na tenisi aliikuta huko huko. Daktari wake mzungu hakuwa na mwenzake wa kucheza naye, akamwambia Anselmi asimame upande wa pili awe anarudisha mipira. Daktari alitaka mtu wa kurudisha tu. Tatizo ni kwamba Anselmi aliirudisha yote.

Alicheza miguu mitupu na kaptula ndefu, na mpira wa kuanzia aliupiga kwa chini, polepole, ukitua unakwenda upande usioutarajia. Nyuzi za raketi alizitengeneza mwenyewe kwa utumbo wa mbuzi. Aliuosha, akausokota, akautundika kati ya miti miwili ukauke. Mara moja, akiwa likizo nyumbani, aliivika raketi nyuzi ambazo hazijakauka sawasawa, akaondoka nayo Newala kwenda Masasi kwa miguu, safari ya siku mbili, kushindana na walimu wa huko. Mbwa walimfuata njia nzima, kijiji kwa kijiji, wakipokezana. Alilala juu ya mkorosho, raketi kifuani. Asubuhi akashuka, akaenda akawafunga walimu wote watatu, na mbwa wawili wakiwa watazamaji.

Aliwafunga makarani, akamfunga daktari wake, akamfunga na bwana shauri wa serikali ya kikoloni aliyetoka Lindi. Lakini kombe la wakati ule lilikuwa la wazungu wenyewe. Siku ya kombe Anselmi alikaa pembeni kama watu wengine weusi, akatazama. Nilimuuliza kama iliuma. Akasema iliuma sana, halafu akacheka, kwa sababu mshindi wa kombe kila mwaka alikuja kwake Jumamosi kujifunza ule mpira wa chini, na yeye kila mwaka alimfundisha nusu.

Nilipomjua mimi alikuwa mzee, amerudi Newala, na mtoto wa jicho ameshamfunga macho yote mawili. Alifundisha kwa masikio. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya uwanja, nikapiga mpira, akaniambia umegonga katikati ya nyuzi au umegonga pembeni. Hakukosea. Akinisikia napapatika alisema, "Binti, twanga, usifukuze nyuki." Maana yake mkono uende mara moja, kwa uzito wake, kama mchi unavyoshuka kinuni. Jaribuni, mtaona.

Na alikuwa na jambo moja aliloliweka juu ya yote. Michezo yetu haikuwa na waamuzi wa mistari. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema ndani au nje, na mwenzako anakubali. Mzee alinisimulia mara nyingi habari ya mchezo mmoja wa Masasi, ambapo mpira wa mwisho wa mpinzani uligusa mstari wake kwa unywele, na hakuna aliyeuona ila yeye. Akasema ndani, akafungwa, akatembea siku mbili kurudi nyumbani. "Na njia niliiona fupi," alikuwa akisema. Mimi nikiwa binti wa miaka ishirini nilidhani anajisifu.

Sasa tufike penyewe.

Kwa muda wote huo nilikuwa kibarua wa kufagia. Kisha wilaya ikapata nafasi ya ajira ya kudumu: mwalimu wa tenisi na mtunza uwanja, mtu mmoja. Wakaomba wengi, tukabaki wawili. Mimi, na binti mwingine wa umri kama wangu aliyeitwa Perpetua, mkulima wa Nanganga, aliyefundishwa na mjomba wake mwalimu. Afisa utamaduni, bwana mnene mwenye huruma na asiyejua tenisi hata kidogo, akaamua kwamba tucheze, atakayeshinda aajiriwe. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi tena kushuka bondeni, na nyumbani nilikuwa mimi tu. Ile ajira niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Wiki hiyo chokaa ya kuchorea mistari ikaisha. Mzee Anselmi akaniambia nichanganye unga wa muhogo na majivu, majivu yawe mengi, ili mifugo isiuguse. Nikamwitikia. Lakini nilipochanganya niliona umekuwa wa kijivu, na mimi nilitaka wakubwa waone mistari iliyonyooka, myeupe pe. Nikamwaga mchanganyiko, nikatumia unga mtupu. Kila kona nilipigilia msumari mrefu chini kabisa ili kamba yangu ya kunyooshea isihame. Ulipendeza uwanja ule, sijauona umependeza vile tena.

Watu walijaa. Afisa utamaduni alipanda juu ya meza kuwa mwamuzi, akawa anahesabu pointi kwa korosho za kukaanga, anazihamisha kutoka mfuko huu kwenda huu. Baada ya muda tukamwomba kwa heshima atumie vijiti, maana alikuwa ameanza kula hesabu.

Perpetua alikuwa mchezaji. Siwezi kusema vingine. Mrefu, mtulivu, mkono wake wa kushoto ndio wa kupigia, na mipira yake ilikuwa inatua pale pale alipotaka. Seti ya kwanza akachukua yeye, ya pili nikachukua mimi kwa ubishi tu. Tukapewa mapumziko ya chai.

Tuko kwenye chai, kuku wa mama muuza vitumbua akaingia uwanjani na vifaranga wake, akaanza kudonoa kona ya nyuma ya upande ambao ningesimama mimi. Walipofukuzwa walikuwa wameshakula hatua mbili za mstari. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, nilimwona Mzee Anselmi amegeuza kichwa akisikiliza wale vifaranga. Unga mwingine haukuwepo. Afisa akasema tuendelee, pale patupu tukisie.

Seti ya tatu nilitangulia kwa bahati. Ikafika mahali nimebakiza pointi moja nishinde, na pumzi zimenikauka, na najua mchezo ukirefuka Perpetua atanimaliza. Akapiga mpira mrefu, wa kushoto, ukanipita, ukaanguka kwenye ile kona isiyo na mstari.

Nikageuka nikatazama. Kwenye udongo wa kichuguu mpira unaacha alama, ya mviringo, safi. Alama ile ilikuwa imelala juu ya kichwa cha msumari wangu. Mstari ungekuwepo, mpira ungerusha unga. Ule ulikuwa mpira bora kuliko wote niliopigiwa maishani mwangu, na mtu pekee aliyekuwa karibu nao ni mimi.

Nikaiburuzia unyayo ile alama nikaifuta. Nikasema, "Nje."

Watu wangu wakashangilia. Perpetua akaja mpaka kwenye wavu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, umeuona vizuri?" Nikamwambia nimeuona. Akanipa mkono, akaenda kufunga mzigo wake. Lori la Masasi lilikuwa linamngoja.

Nilikwenda kwa Mzee Anselmi kupokea pongezi. Akaniuliza mpira wa mwisho ulianguka wapi. Nikasema nje. Akauliza, "Nje kwa kiasi gani?" Nikatanua vidole kumwonyesha, nimesahau kwamba haoni. Akaunyoosha mkono wake, akaupata wangu, akapapasa kidole gumba, akapapasa cha kati, akaipima ile nafasi iliyokuwa kati yavyo, taratibu, kama anayepima kidonda. "Basi huo ni wa nje," akasema, akaniachia.

Alikaa nami miaka miwili zaidi kabla ya kufariki. Alinifundisha kusuka nyuzi za raketi kwa mshipi wa kuvulia samaki baada ya utumbo kuwa shida, alinifundisha kuichana mipira iliyoota upara kwa brashi ya nguo. Utani wetu haukupungua. Ila ile habari ya mchezo wa Masasi na njia kuwa fupi hakunisimulia tena hata mara moja. Alijua. Mpaka leo nina hakika alijua, na ninaona aibu kuandika hivi kama nilivyoona siku ile.

Kazi niliifanya vizuri, hilo silikanushi. Nimefundisha watoto wa mahakimu na watoto wa wauza maji. Mistari yangu niliitia majivu mengi hata baadhi ya wachezaji wakalalamika hawaioni. Mtoto aliyesema mpira wa ndani ni wa nje nilimvutisha rola asubuhi tatu mfululizo, na wazazi walinisifu kwa uadilifu. Mama yangu alikunywa maji ya mshahara wangu mpaka alipofariki, akaniombea dua njema. Sasa uwanja ni wa sementi, mistari ya rangi, kuku wadonoe wachoke.

Baada ya lile swali la shuleni kwenu nilikaa siku nne. Ya tano nikapanda basi la kushuka Masasi, nikaunganisha mpaka Nanganga, nikawa namuulizia Perpetua. Wakanielekeza kwa Mama Stela, bibi mrefu mwenye banda la korosho na mihogo ya kuchoma barabarani. Nilimtambua kwa mkono, alikuwa anageuza mihogo kwa kushoto.

Tulisalimiana kama watu wazima wanavyosalimiana, afya, wajukuu, mashamba, korosho mwaka huu zimetoaje. Akanipa kigoda na muhogo. Nikamwambia, "Perpetua, mpira wako ulikuwa ndani."

Akaendelea kugeuza mihogo. "Najua," akasema. "Seti ya kwanza nilikuwa upande ule. Niliukanyaga msumari wako ukaniumiza unyayo, nikajua ulipo. Niliona vumbi limeruka pale pale."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama sasa, na macho yake hayakuwa ya hasira, yangekuwa ya hasira ningeyavumilia. Akasema alikuwa mgeni, binti peke yake mbele ya wakubwa na watu wa kwetu. "Nilikuuliza ili useme wewe," akasema. "Nikakungoja mpaka lori likapiga honi."

Nililia, wajukuu zangu, bibi mzima na muhogo mkononi, madereva wa malori wananitazama. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema yeye alilia siku ile kutoka Newala mpaka Masasi. "Lakini nilipofika nyumbani nilioga ndoo mbili za maji," akasema, "nikajiambia, huko juu ningezipata wapi?" Akacheka. Nikacheka nami, nikipaliwa, akanipiga mgongoni kwa ule mkono wa kushoto, na mjue bado una nguvu.

Nilimuuliza nimfanyie nini. Akafikiri. Akasema tangu siku ile hajashika raketi, hata ile ya mjomba aliigawa, na kwamba ana wajukuu wawili wa kike wanaopigana kutwa nzima na angependa wapigane na kitu kingine. Nyuma ya banda lake ana kipande cha shamba kilicholala, na kichuguu kilichohamwa kipo, na maji yapo.

Kwa hiyo mkiniona sipo Mkunya siku za katikati ya wiki, niko Nanganga natwanga udongo. Wale wajukuu wawili wanachekecha, Perpetua anasimamia na kukosoa, rola tumepewa na fundi wa barabara. Uwanja si mkubwa, umepinda kidogo upande wa barabarani, na tumeuchora kwa unga wa muhogo na majivu, majivu mengi.

Jumatano iliyopita tuliujaribu. Nilimpa Perpetua ile raketi yangu, mimi nikachukua ya mbao ya kuazima. Mpira wa kwanza aliupiga barabarani, wa pili ukaenda kwenye mihogo, wajukuu wakaanguka kwa kicheko. Wa sita au wa saba mkono ukakumbuka. Ukaja mrefu, wa kushoto, ukanipita, ukaanguka kwenye kona yangu.

Sikutazama hata alama. Nikainua mkono juu nikapaza sauti mpaka wauza mihogo wengine wakageuka: "Ndani!"

Perpetua akasimama akiwa ameshika kiuno. "Usinipe cha bure, Zainabu," akasema. "Nenda ukautazame."

Nikaenda, nikainama. Ulikuwa nje.